Kabla Hujaketi Mbele ya Meneja

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu, Bi Kwanini,

Hujambo, na Nukta hajambo? Kile kifua cha mwezi uliopita kimepoa? Uliposema kwenye simu kwamba unakohoa kwa sababu ya mvuke wa mashine, mama yako alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye kiwanda. Tafadhali utuambie ukweli wa kifua hicho, na usitupe majibu ya kuturidhisha. Na jino la Nukta la mbele, limeshang'oka au bado analisukumasukuma kwa ulimi darasani?

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linapanda ngazi pale linapojisikia. Miwani nimepata mipya, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nimegundua kwamba saa ya ukutani ina vumbi. Mama yako presha yake imetulia. Daktari amempunguzia vidonge kutoka viwili hadi kimoja, naye anatembea mtaani kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu mambo haya hayafai kuelezwa kwenye simu. Juzi mtandao ulikatika mara tano, na kila uliporudi ulikuwa unasema "Mjomba, hapo sijaelewa." Binti wa jirani atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo hii, na karatasi zenyewe zitafuata kwa posta. Mtu aliyefundisha lugha kwa miaka thelathini na minne hapumziki mpaka maneno yake yawe kwenye karatasi.

Kwanza nirudie ulichonieleza, ili ujue nimekushika vizuri. Kiwanda chenu cha kufulia nguo za hoteli kinataka zamu ya asubuhi ianze saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja. Sababu yao ni kwamba malori ya hoteli yanapaswa kuondoka na mashuka safi saa nne, na siku hizi yanachelewa. Mko wanawake kumi na mmoja kwenye zamu hiyo. Wenzako wamekuchagua wewe ukawasemee mbele ya meneja na mwenye kiwanda, Alhamisi ya tarehe ishirini, saa nane mchana. Wewe unaishi peke yako na mtoto, na geti la shule linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Saa hizo mpya zikipitishwa, hakuna wa kumpeleka Nukta shule, na umeandika kwamba itabidi umlete kwetu akae na bibi yake mpaka mambo yako yakae sawa. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote katika barua hii ni sarufi.

Umenitumia ukurasa mmoja wa maneno unayotaka kuyasema, ukaomba niyatie adabu. Nimeusoma mara nne. Kihispania chako kina kasi na kinaeleweka, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyefika huko akijua kusalimu tu. Ila umekiokota kati ya mashine, na watu wa kati ya mashine hawana muda wa kuzunguka. Trae, pon, corre, deja: lete, weka, kimbia, acha. Kwa hiyo hata pale unapomshauri meneja, unamwagiza. Umeandika "Enciende la plancha a las seis", washa mashine ya pasi saa kumi na mbili. Ukimwambia hivyo mbele ya mwenye kiwanda, ataacha kuifikiria pasi, ataanza kufikiria nani anamtuma nani. Na wewe ulikwenda pale kwa ajili ya pasi.

Dawa yake unayo tangu utotoni. Ulipokuwa na miaka mitano ulisimama mlangoni ukalia, "Nataka Mjomba aje." Hukusema "Nataka Mjomba anakuja." Hakuna aliyekufundisha. Anakuja ni habari, ni jambo linalotendeka barabarani kila mtu akiona. Aje ni haja, ipo moyoni mwako tu, na inaweza kutimia au isitimie. Sikiliza mwisho wa maneno haya: analeta, alete, tunangoja, tungoje, mnapunguza, mpunguze. Ile e ya mwisho ndiyo inayobeba kutaka, kuomba na kushauri. Sisi walimu tuliiita dhamiri tegemezi, na jina hilo liliwatisha wanafunzi wengi bila sababu. Inaitwa tegemezi kwa kuwa mara nyingi hutanguliwa na neno la kuiegemeza: nataka, naomba, napendekeza, ni afadhali.

Sasa, Wahispania wanafanya karibu vilevile. Deja ni "anaacha". Ukitaka kusema "napendekeza aache", deja inageuka kuwa deje. A imetoka, e imeingia, sawa na kwetu. Kwa kundi jingine la maneno wanafanya kinyume. Enciende ni "anawasha", na kwenye ushauri inakuwa encienda. Chukulia kwamba a na e wamebadilishana viti, basi. Katikati, baada ya neno la kupendekeza, wanaweka que, ambayo ni "kwamba" yetu, na hiyo usiisahau hata siku moja.

Wapo wakaidi wachache ambao hawafuati utaratibu: sea ni awe, vaya ni aende, haya ni kuwe na, sepa ni ajue. Hao wakariri tu, usiwakasirikie. Hata sisi tunao wetu. Ajibu hubaki ajibu na asamehe hubaki asamehe, umbembeleze umchoke.

Basi nimechukua amri zako tatu, nikazivisha upya. Mawazo ni yako yote, sikuongeza hata moja.

"Propongo que el mecánico encienda la plancha a las seis." Napendekeza fundi wa mitambo awashe pasi saa kumi na mbili. Sita yao ni kumi na mbili yetu, kama unavyojua. Nakukumbusha kwa sababu hata mimi, wakati wa kuandika, nilikosea mara moja.

"Sugiero que el turno de la tarde deje la ropa clasificada." Nashauri zamu ya jioni iache nguo zikiwa zimechambuliwa, mashuka upande wake, foronya upande wake, taulo upande wake.

"Les pido que lo prueben dos semanas." Nawaomba mlijaribu jambo hili kwa wiki mbili. Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mtu anayeombwa kujaribu haoni kwamba ameshindwa.

Ukitaka kuzipa nguvu, tumia para que, ambayo ni "ili" yetu. Na kama vile sisi tunavyosema "ili malori yatoke", si "ili malori yanatoka", wao husema "para que los camiones salgan a las diez". Nakushauri uanze na hiyo kabla ya yote. Meneja anayawaza malori usiku na mchana. Akikusikia na wewe umeanza kwa kuyawaza malori, atavuta kiti karibu. Watoto watakuja baadaye.

Kuna mahali pamoja ambapo lugha zetu zinaachana, nawe umeteleza hapo. Sisi tukisema "sidhani kama saa ndiyo tatizo", hatubadilishi kitu. Wao wakikana kuamini jambo, hulitoa kwenye orodha ya mambo ya hakika, na neno hubadilika: "No creo que la hora sea el problema." Lakini ukiamini, unarudi kwenye habari ya kawaida: "Creo que el problema es la espera." Nadhani tatizo ni kungoja. Ziseme hizo mbili zikifuatana. Unaondoa lake kwa upole, halafu unaweka lako mahali pake likiwa limesimama imara.

Najua sasa unapiga miayo. Vumilia. Nataka nikueleze jambo moja la marehemu baba yako, ambalo sikuwahi kukusimulia kwa sababu halinipambi.

Ulikuwa bado hujaanza shule. Baba yako alikuwa na karakana yake ya useremala, na siku moja akaja mnunuzi wa viti vya hoteli, mtu mzungumza Kihispania, mwenye haraka na mwenye tabasamu. Alitaka viti themanini kwa wiki mbili. Baba yako aliniita nikatafsiri. Tukakaa watatu kwenye benchi la kurandia mbao. Baba yako akasema, "Mwambie mbao zilizopo ni mbichi. Hazikauki kwa wiki mbili. Wiki nne."

Nilikuwa kijana, mpwa wangu, na nilikuwa nimetoka kufaulu diploma yangu ya Kihispania. Niliona maneno ya shemeji yangu ni makavu mno kwa mgeni. Nikayalainisha. Nikamwambia yule bwana kwamba pengine ingekuwa vyema zaidi, kama ingempendeza, atupatie majuma manne. Sentensi ilikuwa nzuri sana. Mpaka leo naikumbuka. Yule bwana akatabasamu, akajibu kwa adabu ileile kwamba yeye angependelea tukimpa kwa mawili.

"Amekubali?" baba yako akauliza.

"Amesikia," nikasema.

Mgeni akavichukua viti baada ya wiki mbili, na baada ya miezi mitatu vikarudi. Miguu ilikuwa imelegea, na mbao za kukalia zimepasuka mistari. Yule mnunuzi hakuagiza tena, na vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi pale wakaondoka kutafuta pengine. Baba yako alikuja shuleni nilipokuwa nafundisha, akangoja kengele ilie, akaingia darasani wakati wanafunzi wakitoka.

"Shemeji, ulimwambia mbao ni mbichi?"

"Nilimwambia ni vizuri atupe muda zaidi."

"Sikukuuliza vizuri. Nimekuuliza mbichi."

Akafuta chaki iliyokuwa mezani kwa kiganja, akasema, "Basi wewe ndiye uliyetengeneza vile viti, mimi nilishika nyundo tu." Halafu akacheka, maana hakuweza kununa kwa muda mrefu, na kuanzia siku hiyo kila kiti kilipolia kwenye sherehe yoyote alinigeukia akauliza kama hicho nacho nimekitafsiri mimi. Alinitania hivyo mpaka alipougua. Lakini nilijua nilichokifanya. Ubichi wa mbao haukuwa maoni. Haikuwa kazi yangu kuufanya uwe jambo la kupendelea au kutopendelea.

Nakusimulia haya kwa sababu jana niliandika hotuba nzima kwa niaba yako. Kurasa mbili, Kihispania cha kuvaa tai. Niliisoma kwa sauti chumbani, nikajipenda. Asubuhi nikaisoma tena nikaona nimefanya yaleyale. Kila kitu kilikuwa pengine, labda, kama ingewapendeza. Hiyo hotuba sikutumii. Nimeichana, na mama yako ameona vipande.

Kwa hiyo, ushauri wangu mkubwa ni huu. Yale unayoyajua kwa macho na mikono yako, yaseme wazi, bila kuyavisha chochote. Mashine ya pasi huchukua dakika arobaini kupata moto: "La plancha tarda cuarenta minutos en calentarse." Mnapofika saa moja mnaikuta baridi, nguo hazijachambuliwa, na saa nzima inapotea watu wakiwa wamesimama. Fundi wa mitambo yuko kazini tangu saa kumi na mbili. Hayo hayana napendekeza wala nadhani. Ulisema uliyaandika kwenye daftari kwa siku tisa, saa ngapi mashine ilipata moto na saa ngapi shuka la kwanza lilipita. Lichukue daftari hilo, uliweke mezani. Ukishamaliza hapo ndipo uje na ushauri, na hapo ndipo upole wote niliokufundisha ufanye kazi yake. Ukichanganya, watauchukulia ukweli wako kama maombi.

Nilitaka kuyajaribu maneno yako kabla hujafika nayo mbele za watu. Ijumaa, baada ya chai ya mchana, nilimkuta mama yako mezani akishonea kifungo kwenye blauzi. Nikamwomba awe meneja, mimi niwe wewe, tufanye kikao kwa Kiswahili.

"Meneja kwa mshahara gani?"

"Chai."

"Chai nimepika mwenyewe," akasema, lakini akaichukua miwani yangu mipya, akaivaa, akakunja mikono. "Haya mama, sema shida yako upesi. Nina watu nje."

Nikaanza na malori, kama nilivyokuelekeza. Nikataja dakika arobaini. Hakunipa nafasi.

"Kama mashine inachelewa kupata moto, si mje mapema muiwashe? Ndiyo maana nimesema saa kumi na moja."

"Fundi wa mitambo yupo tangu saa kumi na mbili, bwana meneja. Napendekeza aiwashe yeye."

"Fundi ana kazi zake."

"Kazi zake ni mitambo."

"Siku hizi wewe ndiye unayempangia fundi kazi?"

Hapo nikakwama kidogo, nawe ujiandae, maana swali hilo litakuja. Nimefikiri jibu zuri ni kwamba mmeshaongea naye. Mwulize kabla ya Alhamisi. Kama yuko tayari, sema hivyo kama habari. Kama hayuko tayari, ni heri ulijue mapema kuliko kulijua pale mezani.

Tukaendelea. Mama yako ni meneja mgumu, sikufichi. Zamu ya jioni alisema itadai nyongeza. Wiki mbili za kujaribu alisema ni nyingi, akashusha hadi moja. Nilikuwa nafurahi, nikaandika pembeni kila alichokataa. Kisha akaiweka blauzi chini.

"Wewe mwenyewe una mtoto wa shule, siyo?"

"Ninaye."

"Ana bibi?"

"Anaye."

"Bibi yake mzima? Ana nguvu?"

"Mzima."

"Basi mtoto aende kwa bibi yake. Atakula, atalala mapema, atasoma. Wewe ufanye kazi saa yoyote tunayotaka. Tatizo liko wapi, mama? Nijibu."

Nikamwambia, "Dada, huyo anayesema hapo si meneja."

"Ni meneja. Nijibu."

Akavua miwani, akanirudishia, akaniambia nimfuate. Chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunawekea masanduku, kimepakwa rangi. Kuna kitanda kidogo kimetandikwa. Ukutani fundi amegongomea msumari wa kutundikia mkoba wa shule, chini kabisa, usawa wa goti langu bovu. Mama yako amefanya hayo tangu siku ile uliyotuambia kuhusu saa kumi na moja, na mimi ninayekaa nyumba hiihii sikugundua kitu. Alisimama kando ya kitanda kile akanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

Nilimwuliza kama nikuandikie habari hizo. Akasema, "Mwandikie. Asije akadhani namficha." Chakula cha jioni tulikula tukisikiliza redio.

Jumamosi asubuhi alinikuta nafagia kibaraza. Akasimama na kikombe chake, akasema, bila kuanzia popote, "Akiulizwa lile swali la bibi, asijitetee. Asianze kueleza bibi ana presha, sijui safari ni ndefu, sijui shule. Akieleza tu, wameshapata mlango. Aseme mtoto anaishi na mimi. Anyamaze."

Nikamwambia hilo ni kali kidogo kwa kikao.

"Ndiyo mbao mbichi hiyo," akasema, akaingia ndani.

Kwa hiyo nakupa jibu la mama yako kama alivyolisema, na safari hii mtafsiri wako hajalainisha kitu. "Mi hija vive conmigo." Maneno manne. Hakuna que, hakuna kubadilisha viti. Liseme kwa sauti ile unayotumia kutaja jina lako, halafu rudi kwenye pasi na kwenye zamu ya jioni, na kwenye ushauri wako wote kwa upole. Wale wenzako kumi nao wana watoto wa shule, au mama wazee, au wamechoka tu kuamka gizani. Ukisimama hapo, utakuwa umesimama na wao.

Na wewe nikuulize, kwa sababu hukuandika. Unataka Nukta akae wapi? Usinijibu tunavyotaka sisi. Mama yako angemkaribisha kesho, umeona mwenyewe. Mimi pia, nyumba hii imekuwa kimya mno. Lakini nataka ushinde Alhamisi ile, na ningependa ulijue hilo kabla hujaingia kwenye chumba chenyewe.

Ukishindwa, bado wewe ni mwanetu na mlango upo. Hili nalo ni habari. Sitaki ulihesabu kama ushauri.

Mambo mengine machache, kisha nikuache. Binti wa jirani amepata kazi kwenye duka la dawa, na sasa anatusomea maandishi madogo ya kwenye vidonge vyetu bure. Mtaa wa nyuma wamefungua maktaba ndogo katika kile chumba cha fundi viatu aliyehama. Wamenipa ufunguo wa Jumanne, nami nimeshagombana na mtu mmoja kuhusu kukunja kurasa. Paka wa mama yako amezaa tena, watatu, na wote wamefanana na baba ambaye hakuna anayemjua.

Nisalimie wenzako wa zamu, hasa yule mama wa foronya uliyesema anakufundisha kutukana kwa Kihispania. Mwambie hilo mimi sikuweza kukufundisha na namshukuru. Nisalimie mwalimu wa Nukta. Nukta mwenyewe mpe salamu yake peke yake, umwambie babu yake wa miwani anataka barua yenye michoro, na akosee akitaka, sitasahihisha. Huku wanakusalimu shangazi yako wa ng'ambo ya barabara, fundi cherehani na mke wake, na yule mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni daktari na bado ananiita ticha mbele ya wagonjwa wake.

Mungu akutangulie kwenye kikao hicho, akupe sauti isiyotetemeka na masikio ya kusikia wanachosema wenzio wa upande wa pili, maana na wao wana malori yao. Akulinde kifua, akulindie na mtoto.

Mimi mjomba wako, akupendaye na akuwazaye kila kengele ya shule ya jirani inapolia.

Mama yako amesoma kurasa zote hizi, akasema ni ndefu, kisha akaomba kalamu. Haya hapa chini ni mwandiko wake:

Mwanangu, mjomba wako ana maneno. Mimi sina. Kikao saa nane, shule wanatoka saa tisa. Ukitoka kwenye hicho kikao, wamekubali hawajakubali, nenda kamchukue mtoto kwanza, umfikishe kwako, umpe chakula. Halafu ndipo unipigie. Mimi nitangoja. Mama yako.